Tukivuka kwenda Kariakoo kumkagua mgonjwa



Boti za kwenda Dar hazikosi mwanamke mwenzetu aliyepakata bahasha kubwa ya picha za kifua. Anakwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road. Matibabu hayaishi siku moja, basi wengi hufikia kwa jamaa Kariakoo, ghorofani, Mtaa wa Sikukuu au Narung'ombe, huku chini mikokoteni na wauza nguo hawanyamazi. Nasi huvuka kumkagua, maana Mtume (S.A.W.) ameihesabu ziara ya mgonjwa kuwa ni haki ya Muislamu juu ya mwenzake. Lakini tukishafika, tunamkagua kweli?

Tunaingia watu kumi chumba kimoja, na sambusa na mkate wa kumimina. "Vipi hali?" "Alhamdulillahi, sijambo." Basi, tunahamia kwenye habari za harusi. Kumbe mwenyewe ana usiku wa tatu hajalala kwa kikohozi. Ile alhamdulillahi ni shukurani kwa Mola wake, si jibu la swali letu, nasi tunaridhika nayo kwa sababu inatupa wepesi.

Kwa saratani ya mapafu jambo hili limezidi uzito, kwani sasa wapo wagonjwa wanaotibiwa kwa imunotherapia. Ni wachache, bei yake si ya familia nyingi, ingawa mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza pembrolizumab, mojawapo ya dawa hizo, katika orodha yake ya dawa muhimu kwa baadhi ya saratani za mapafu zilizosambaa. Dawa hii haiui saratani yenyewe kama kemotherapia. Kinga ya mwili ina breki, na saratani hujua kuikanyaga; dawa huiachia. Ugunduzi huo ndio uliowapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Ila breki ikishaachiwa, kinga inaweza kuvamia hata viungo vizima: ngozi, utumbo, ini, tezi ya shingoni, na mapafu yenyewe. Huenda ikatokea baada ya wiki, au miezi, hata dripu ikiwa imeshasimamishwa. Nywele mara nyingi hazinyonyoki, basi wageni husema "mbona mzima huyu!" na mgonjwa anaona haya kulalamika. Akiharisha, tunasema chakula cha sokoni. Kikohozi kikizidi, kijana anatumwa duka la dawa. Akichoka kupita kiasi, ni joto la Dar. Kila moja katika hayo daktari anataka kulisikia siku hiyo hiyo, kwa sababu likiwahiwa mara nyingi hutulizwa kwa dawa, na likicheleweshwa linaweza kuua. Pumzi ikibana ghafla ni kukimbilia hospitali, hakuna kungojea asubuhi.

Na wale wanaopeleka unga wa "kuongeza kinga"! Mgonjwa huyu kinga yake imeshaachiliwa, na sisi hatujui unga ule una nini. Aulizwe daktari kwanza. Hata swali la "kwani alikuwa anavuta sigara?" tuliache. Wapo wanaougua bila kuvuta hata moja, na aliyevuta naye ana haki yake.

Tunashauri hivi. Badala ya watu kumi Jumapili moja, avuke mmoja kwa wiki, naye awe na daftari: siku ya dripu, kikohozi, choo mara ngapi, vipele, usingizi. Waliobaki wachange nauli ya boti na kodi ya chumba, wengine wawapeleke watoto wake skuli na chuoni huku nyumbani. Sambusa si mbaya, lakini haisomeki kwa daktari.

Mmoja wetu alikaa na mgonjwa ghorofa ya nne, lifti mbovu. Wiki ya kwanza mgonjwa alipumzika mara moja kwenye ngazi. Wiki ya pili, mara tatu. Alipoulizwa hali alisema hajambo. Ngazi ndizo zilizosema, na kwa kuwa ziliandikwa, daktari aliagiza picha ya kifua siku ile ile.