Njia za Baiskeli katika Bonde la Rufiji

Bonde la Mto Rufiji lajulikana nchini kwa mpunga wake, samaki wake na mafuriko yake. Kwa njia zake halijulikani, wala si ajabu, kwa kuwa katika hesabu za mipango njia ni kitu kinachopitisha gari. Kinachopitisha baiskeli tu huitwa kijia, na kijia hakina fungu la fedha. Hesabu hiyo haifai kwa Rufiji na Kibiti, na sayansi inaweza kueleza kwa nini.

Barabara kuu ya lami itokayo Dar es Salaam hupita Kibiti na Ikwiriri, kisha huvuka mto kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 na kuelekea Lindi. Mashariki ya barabara hiyo ni delta ya mikoko na vijito, ambako chombo cha safari ni mtumbwi. Magharibi yake ni uwanda wa mafuriko wenye maziwa kadhaa: Ruwe, Zumbi, Utunge, Mtanza na mengineyo. Zamani wakulima wengi waliishi uwandani humo, karibu na mashamba yao, wakilinda mazao juu ya madungu. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 wengi walihamishiwa kwenye nchi ya juu, kaskazini ya mto, katika vijiji vya ujamaa. Watu walihama, lakini mashamba hayakuhama. Udongo wa rutuba ulibaki ulipowekwa na maji, na maziwa yenye perege na kambale yalibaki mahali pake. Tangu wakati huo sehemu kubwa ya maisha ya Mrufiji imekuwa ni safari kati ya mahali anapolala na mahali anapopata chakula chake.

Safari hiyo ina gharama inayoweza kupimwa. Mtu apandaye baiskeli hutumia, kwa kila kilomita, kiasi cha moja ya tano tu ya nguvu za mwili atumiazo anayetembea, naye huenda kwa mwendo wa mara 3 au 4 zaidi. Hakuna mnyama wala mashine nyingine ya kawaida inayousafirisha uzito wake kwa nguvu kidogo hivyo. Kwa mvuvi wa Ziwa Ruwe jambo hili si nadharia. Katika joto la nyuzi 30 samaki mbichi huanza kuharibika katika muda wa saa chache. Asipofika kwenye lami mapema, hana budi kukaushwa kwa moshi, na moshi maana yake ni kuni, na kuni maana yake ni miti.

Hata hivyo faida hiyo ya baiskeli hutegemea ardhi iliyo chini ya gurudumu. Udongo mweusi wa mfinyanzi ulioenea bondeni hunywa maji na kuvimba. Wakati wa masika hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka, na mwenye baiskeli akaibeba begani. Wakati wa kiangazi udongo huo huo hupasuka nyufa za kutosha kunasa gurudumu. Tabaka jembamba la changarawe lililoshindiliwa juu ya tuta dogo hutibu maradhi yote mawili. Tairi pia hazihitaji kubadilishwa. Huko Kansas, Marekani, tangu mwaka 2006 hufanyika mashindano makubwa ya baiskeli katika njia za changarawe, na washindani hununua kwa bei kubwa tairi zenye upana wa milimita 40 na zaidi. Tairi ya baiskeli nzito ya kazi ya inchi 28, ambayo mkulima wa Mkongo amekuwa akiifahamu tangu utoto wake, ina upana wa milimita 40. Kile ambacho wengine wamekigundua kuwa ni starehe, Rufiji imekuwa nacho kama kazi.

Swali linalofuata ni kwa nini njia hiyo isipitishe na magari pia. Majaribio yaliyofanywa katika jimbo la Illinois kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uzito wa ekseli ukizidishwa mara 2, uharibifu wa barabara huongezeka kiasi cha mara 16. Lori moja la mkaa au la magogo, kwa hiyo, laweza kufanya katika siku moja yale ambayo baiskeli zote za tarafa hazitafanya kwa miaka. Tena kuna yale mawimbi kama ya bati ambayo kila abiria wa barabara za vumbi anayajua kwa mifupa yake. Mwaka 2007 wanasayansi wa Lyon, Toronto na Cambridge walionyesha maabarani kwamba mawimbi hayo huzuka gurudumu linapopita mwendo fulani. Chini ya mwendo huo mchanga hubaki tambarare. Njia ya magurudumu mepesi yaendayo polepole hujitunza, karibu kusema, yenyewe. Ikishafunguliwa kwa magari haitadumu.

Sababu nyingine ni maji, nayo ni nzito kuliko zote. Maziwa ya Rufiji huishi kwa mafuriko. Mto unapofurika huyaletea maji mapya na samaki wachanga, na unapopungua huacha unyevu ambamo wakulima hupanda mazao ya mlau. Tuta refu na pana la barabara ya magari, likikatiza uwanda huo, huwa ni bwawa ambalo hakuna aliyekusudia kulijenga. Ama hulitenga ziwa na mto wake, ama hubomolewa. Njia ya upana wa mita 2, iliyoinuliwa kidogo tu na kuwekewa makalavati ya karibu karibu, huyaacha maji yapite juu yake na kutengenezwa tena kwa majembe na mikokoteni ya mkono. Wapo wanaodhani kwamba Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, limeyamaliza mafuriko. Aprili 2024 wakazi wa Rufiji na Kibiti waliona mashamba yao chini ya maji.

Pingamizi la kweli ni pikipiki. Imeingia kila kijiji, huwahisha mgonjwa zahanati, na nguzo iliyosimikwa kuzuia gari haiwezi kuizuia. Pengine haifai kuzuiwa kabisa. Lakini pikipiki hula petroli inayonunuliwa kwa fedha, ilhali mkulima wa mpunga hupata fedha mara moja kwa mwaka. Kijiji kinaweza kuipa ruhusa ya mgonjwa na mjamzito, na kuinyima siku za matope. Sheria ndogo za namna hiyo hutungwa na vijiji kila mwaka juu ya mambo madogo zaidi.

Yapo pia mambo ambayo mhandisi peke yake hatayaona. Viboko hutoka majini jioni kwenda kula nyasi, na baiskeli haina kelele ya kuwaonya. Njia ya kuzunguka ziwa yapasa kuwa mbali na mapito yao, na wavuvi ndio wanaoyajua. Baiskeli nyingi ni za wanaume, zenye bomba la juu lisiloafikiana na khanga, wakati mizigo ya nyumbani hubebwa kichwani na wanawake. Njia itakayojengwa bila baiskeli zinazowafaa itawapunguzia kazi wale ambao kazi yao ilikuwa ndogo zaidi.

Halmashauri zote mbili hazina haja ya kuanza na bonde zima. Kipande kimoja, kutoka Ziwa Ruwe hadi barabara ya Ikwiriri, kingetosha kupimwa kwa masika mawili: ni samaki wangapi wamefika wabichi, na changarawe kiasi gani imechukuliwa na maji.