Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walinena, mcheza kwao hutunzwa. Je, vijana wetu wa mbio za baisikeli watatunzwa wapi, ikiwa kwao hawana pa kuchezea?

Msomaji wa pwani apandaye basi kwenda Nairobi huingia Makueni, akapita Mtito Andei, akafika Kibwezi. Hapo, mkono wa kulia, huchepuka barabara iliyotiwa lami miaka hii ya karibuni. Huvuka mto Athi, ikapita Ikutha na Mutomo hadi mjini Kitui. Nchi hiyo si ngeni kwetu. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, alikuwa na misafara ya pembe iliyoshuka hadi Mombasa, na mwaka 1849 Krapf alifika kwake.

Leo huko utamkuta kijana akiisukuma baisikeli yenye madumu ya maji, jua la utosi, mlima mbele yake. Miguu anayo na pumzi anayo. Alichokosa ni siku moja tu.

Twasema siku moja kwa sababu ziko mbio za baisikeli za wachezaji wa kulipwa zinazoanza asubuhi na kwisha jioni. Katika mbio za majuma matatu, aliyechelewa leo aweza kufidia kesho. Katika hizi hakuna kesho. Mnyonge aweza kumshinda bingwa akijua kujificha upepo nyuma ya wenziwe, na akijua saa ya kuchomoka.

Tarehe 27 Machi 2022, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda Gent–Wevelgem, mbio za siku moja za Ubelgiji zilizoanza mwaka 1934. Hakuna Mwafrika aliyezishinda kabla yake. Septemba 2025 ubingwa wa dunia ulikuja Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5 za vilima, na waliomaliza ni 30 tu. Aliyeshinda ni Tadej Pogačar wa Slovenia. Rwanda ilifunga njia zake, na ulimwengu ukaiona.

Na sisi? Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa na David Kinjah wa Kikuyu, na mwaka 2006 akaichezea Kenya huko Melbourne. Alipokuja kushinda Tour de France mara nne, bendera iliyopepea ni ya Uingereza. Suleiman Kangangi aliishikilia yetu hadi mwisho, akafariki mwaka 2022 akiwa mashindanoni Marekani. Wote wawili walikwenda kuitafuta siku yao ugenini.

Wako watakaouliza: watu wana kiu, mbio za nini? Swali hilo lina haki yake, na maji ni kwanza. Lakini kuifunga barabara kwa siku moja hakumnyang'anyi mtu ndoo yake, na mwenye mkahawa wa Mutomo atauza.

Kwa hivyo twaziomba serikali za Kitui na Makueni, pamoja na chama cha baisikeli, zitenge siku moja kwa mwaka: Kibwezi hadi Kitui, magari yasimame, polisi na gari la wagonjwa wawe tayari. Na sisi wa pwani tusikae kutazama. Vijana wetu wapelekao mikate kwa baisikeli alfajiri nao wana miguu. Tuwapeleke.