Surua Haikubadilika, Tuliobadilika ni Sisi



Kule nyumbani mama akisikia surua imeingia mtaani, humfunga mtoto mgongoni akawahi foleni ya chanjo kliniki. Hahitaji kubembelezwa, kwani ameshaona watoto wakizikwa. Sisi huku Uingereza daktari ni bure, lakini tukiletewa maneno sebuleni kwamba chanjo ya MMR inaleta usonji, tunaahirisha. Mwezi unapita, mwaka unapita.

Maneno hayo yalishika moto mwaka 1998, daktari Andrew Wakefield alipochapisha makala katika jarida la The Lancet kuhusu watoto 12 tu. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala hiyo, na yeye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Huko Denmark walifuatilia mamia ya maelfu ya watoto na hawakuona uhusiano wowote kati ya chanjo hii na usonji. Lakini uvumi ulikuwa umeshatembea.

Matunda yake tumeyaona. Kule Wales, watoto walioikosa chanjo miaka ile walikua, na mwaka 2012 hadi 2013 surua ikazuka Swansea na maeneo ya jirani. Waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 1,200, na kijana wa miaka 25 akafariki. Wenzetu Wasomali wa Minnesota, Marekani, mwaka 2004 watoto wao 92 katika kila 100 walikuwa wamechanjwa. Kufikia 2014 walibaki 42. Mwaka 2017 surua ikawapata watu 75 jimboni humo, wengi wao watoto wa Kisomali. Ugonjwa ni ule ule. Kilichobadilika ni mwenendo wetu.

Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Ndiyo maana wataalamu wanataka watu 95 katika kila 100 wapate dozi mbili. Mtoto mchanga ambaye umri wake wa chanjo haujafika anakingwa na sisi tuliomzunguka. Nasi tunajuana: harusi, maulidi, misa, misiba, likizo za nyumbani, kote tunabanana.

La kutia moyo ni kwamba mwenendo hurekebishika. Wazazi wa Swansea waliposhtuka walipanga foleni za chanjo, na Julai 2013 mlipuko ukatangazwa kwisha.

Kwa hiyo ndugu yangu, leo jioni fungua kile kitabu chekundu cha mtoto uhesabu dozi. Kama haziko mbili, au huna uhakika, mpigie GP wako. Hata mtu mzima huchanjwa bure. Kwa Waislamu, ipo aina isiyo na jelatini ya nguruwe, iombe mapema. Na kama mna safari ya nyumbani, malizeni hili kabla ya kukata tiketi.

Atakayekuletea uvumi muulize kwa upole kama amewahi kumuuguza mtoto wa surua. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wasalaam.