Nyuzi za bolti haziliwi kwa nguvu ya mkono pekee
Hoja ya mwandishi wa makala haya kwamba nyuzi za bolti huliwa kwa kukazwa kupita kiasi ni sahihi, ila imeacha chanzo kingine kikubwa katika injini kuukuu za pikipiki za BSA na Triumph, ambazo matundu yake ya alumini mara nyingi yana nyuzi za Whitworth, yaani kipimo cha Uingereza cha mwaka 1841 chenye pembe ya digrii 55, ilhali nyuzi za milimita zina digrii 60, hivyo bolti ya milimita ikilazimishwa huzisaga. Wachangiaji wanaoshauri kupaka oili nao wazingatie kwamba kipimo cha kukazia kilichowekwa kwa nyuzi kavu hakifai tena, kwa kuwa oili hupunguza msuguano na bolti ikavutika mno. Na tundu lililoharibika litobolewe upya, lichongwe nyuzi na kutiwa koili ya waya wa chuma cha pua, wala si gundi, ambayo inasikitisha kuiona ikisifiwa hapa.