Kadi Ni Yangu

Kila nikisema nilimaliza jioni tatu nikipitisha kadi ya grafiki hadi kwenye mashine pepe ili nicheze gemu, kuna msee wa Nairobi ataniuliza, "Bro, si ununue kompyuta ya pili?" Mwingine ataniambia niweke Windows tu, maisha iendelee.

Hiyo ni akili ya mtu ambaye stima yake inatoka ukutani. Niko Kutulo. Kwetu stima ni paneli mbili juu ya bati na betri moja ambayo hooyo anachajia simu, jirani anachajia simu, kisha mimi. Kompyuta ni moja. Mchana inaandika, usiku inacheza. Kazi zangu ziko Linux, gemu zinataka Windows. Nikigawa diski, kila nikibadilisha lazima nifunge kila kitu, halafu Windows iamke na kiu ya bando, ianze kujisasisha kabla sijashika mausi. Ndani ya mashine pepe bomba ninalo mimi. Nafunga mtandao, Windows inakaa kama mgeni mwenye adabu.

Na si uchawi. Unawasha IOMMU kwenye baiosi, ile inayozuia kifaa kisiguse memori isiyo yake. Unaangalia kadi imekaa kundi gani, maana vifaa vya kundi moja huhama pamoja. Unahakikisha vfio-pci imeishika kadi kabla draiva ya kawaida haijaiwahi, kisha QEMU inaikabidhi Windows. Linux inabaki na grafiki ndogo ya ndani ya prosesa. GTX 1650 yangu ikikazwa inakula wati 75. Nazijua moja moja kwa majina.

Sasa hasira yangu. VFIO iliingia kwenye kerneli ya Linux mwaka 2012. Kwa miaka, draiva ya NVIDIA ya kadi za GeForce ikigundua iko ndani ya mashine pepe iligoma: Kosa 43. Watu wakaongeza mistari miwili ya kuificha isijue iko wapi, na kadi ileile ikapiga kazi. Ileile! Chuma hakikuwa na shida yoyote. Kadi za Quadro, za wenye ofisi, zilikuwa na ruhusa. Machi 2021 kampuni ikafungua mlango, tena kwa toleo la majaribio, na watu wakashukuru. Kushukuru nini? Mtu akikuuzia ngamia aliyefungwa miguu, siku akimfungua hajakupa zawadi.

Na bado Vanguard, mlinzi wa Valorant, haitaki kuona mashine pepe. Sawa, wadanganyifu hujificha humo, sibishi. Lakini kumfukuza kila mwenye mashine moja kwa sababu ya hao ni uvivu.

Halafu kuna hawa wengine: "Huko shida ni maji, wewe unaongea gemu?" Walahi hao ndio wananichosha kabisa. Kaskazini tumepangiwa mahitaji tangu 1965, Sessional Paper Namba 10 ilipopeleka pesa ya maendeleo kwenye ardhi nzuri na mvua, sisi tungoje. Hadi leo kuna mtu mahali ameshaamua kijana wa Mandera anafaa kutaka nini.

Maji ni shida, ndiyo. Nimebeba mitungi asubuhi. Saa hii ni saa nne usiku, betri iko asilimia 40, na nina mechi ya kumaliza.