Ardhi ya Mgodi wa Kwale: Nani Arejeshewe?

Mnamo Desemba 2024 uchimbaji wa mchanga wa titaniamu ulikoma katika mgodi wa Kwale, ulioko kiasi cha kilomita 10 ndani kutoka ufukoni na kilomita 50 hivi kusini ya Mombasa. Madini yalikuwa yamekwisha. Base Titanium, kampuni iliyosafirisha shehena yake ya kwanza kutoka Likoni mnamo Februari 2014, ilibaki na kazi ya kung'oa mitambo, kusawazisha mashimo na kupanda miti. Nasi wakazi wa Pwani ya Kusini tukabaki na suali: ardhi hiyo sasa itakuwa ya nini?

Majibu hayakosekani. Wapo wasemao kilimo, wapo wasemao viwanda, wapo wasemao hifadhi ya misitu. Kwetu Diani hoja ya nyumba ndiyo inayovuta masikio zaidi, wala si ajabu. Upande wa bahari umekwisha kushikwa na mahoteli na majumba ya kifahari, na wale wanaofua mashuka na kupika vyakula humo hulala Ukunda katika vyumba vya kupanga. Isitoshe, tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 ipitishwe, kila mwalimu asomaye ukurasa huu hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba ambazo pengine hatazikalia. Ana haki ya kuuliza zijengwe wapi, na mahali palipo na barabara ya lami, bwawa la maji la Mukurumudzi na umeme uliovutwa kutoka Galu panaonekana kuwa tayari kabisa.

Sina ugomvi na nyumba. Ugomvi wangu ni na kitenzi.

Katika mazungumzo yote kuhusu mgodi huu neno linalorudiwa ni "kurejesha": kurejesha ardhi, urejeshaji wa ardhi, ardhi iliyorejeshwa. Wanafunzi wa isimu watakumbuka kwamba vitenzi vyetu hunyumbulika. Kutokana na "rejea" twapata "rejesha", na kutokana na "rejesha" twapata "rejeshea". Kauli hii ya mwisho, kauli ya kutendea, humlazimu msemaji amtaje mtendewa. Mtu aweza kurejesha ardhi bila ya kumtaja binadamu yeyote. Atapanda mikunde, atamwaga mbolea, atapiga picha. Lakini hawezi kurejeshea pasipo kusema amemrejeshea nani. Kwa miaka mingi tumeridhika na kauli ya kwanza, nayo ni tafsiri ya istilahi ya wahandisi wa migodi ambao kazi yao ni udongo, si watu. Hatuwezi kuwalaumu kwa hilo. Wa kulaumiwa ni sisi tuliolichukua neno lao na kudhani kwamba limemaliza kazi.

Basi na tumtafute mtendewa. Kabla ya mgodi palikuwa na vijiji, Maumba na Nguluku, penye minazi, miembe na mikorosho. Leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2004 kwa kampuni ya Tiomin ya Kanada, na familia za vijiji hivyo zikalipwa fidia na kuhamishwa. Wengine walipelekwa Mrima-Bwiti, kusini zaidi. Mradi ulipoingia mikononi mwa Base Resources ya Australia mwaka 2010, wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Na kampuni hiyo nayo ilinunuliwa na Energy Fuels ya Marekani mnamo Oktoba 2024. Wamiliki watatu wa nchi tatu wamepokezana mradi mmoja, na kila mara daftari za hesabu zimehama salama. Sijui ni daftari gani lililobeba majina ya wenyeji kwa uangalifu huohuo.

Tena huko Mrima-Bwiti si mbali na Kilima cha Mrima, ambacho wanajiolojia hukisifu kwa niobi na madini adimu. Kampuni ya Cortec ilipewa leseni yake, serikali ikaifuta mwaka 2013, na kesi ikaenda hadi kwenye mahakama ya kimataifa ya usuluhishi, ambako Kenya ilishinda mwaka 2018. Mtu aliyehamishwa kwa sababu ya titaniamu anaamka kila siku akikitazama kilima kinachoweza kumhamisha tena. Mtu wa namna hiyo ukimwambia habari ya "makazi bora" atakusikiliza kwa adabu, kisha atakwenda zake.

Liko pia jambo la ardhi yenyewe. Mgodi huu haukuwa wa mashimo marefu ya chini kwa chini. Mchanga ulikatwa, ukaoshwa, ukatolewa ilmenaiti, rutaili na zirkoni, kisha uliobaki ukarudishwa. Tope laini lililochujwa lilihifadhiwa katika bwawa lake mbali. Mchanga uliorudishwa haushikamani kama ule uliolala mahali pake tangu enzi na enzi, na tope la bwawa huchukua miaka mingi kukauka na kutulia. Kwa hiyo asemaye "tujenge nyumba mgodini" anapaswa kuonyesha kwa kidole ni wapi. Pale palipokuwa na kiwanda, maghala, ofisi na kambi ya wafanyakazi udongo ulikwisha kushindiliwa na njia zipo. Hapo nyumba zaweza kusimama baada ya vipimo. Juu ya bwawa la tope asiruhusiwe mtu kujenga hata banda la kuku. Sehemu iliyobaki, nayo ndiyo kubwa, itafaa zaidi kwa miti, malisho na mazao yanayovumilia udongo hafifu.

Hapa watu wa Pwani tuna mfano wetu wenyewe, wala hatuhitaji kusafiri Ulaya. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipokuwa jiwe tupu, akaleta majongoo wayasage majani yawe udongo. Leo pana msitu, na watoto wa shule hupelekwa kutazama viboko na twiga. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo Bamburi inatufundisha nusu tu ya somo, kwa kuwa pale hoja ilikuwa jiwe na mti. Maumba na Nguluku palikuwa na watu.

Nusu ya pili iko Ramisi, mwendo mfupi kutoka mgodini. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Ardhi ya miwa ikakaa bila mpango unaoeleweka. Watu wakalima mihogo, wakajenga, wakaoana, wakazika. Mnamo 2007 serikali ikaikodisha ardhi hiyo kwa kampuni mpya ya sukari, na ghafla waliokuwa majirani wakaitwa maskwota. Mabishano yake yamefika mahakamani na yamewachosha wote, mwekezaji na mkulima. Naogopa Ramisi ya pili kuliko ninavyoogopa mpango mbaya, kwa maana mpango mbaya waweza kupingwa, lakini ukimya humwacha kila mtu ajipangie.

Sheria ipo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Kilio cha Kwale kwa muda mrefu kimekuwa kwamba mafungu hayo mawili madogo yamechelewa njiani. Ikiwa pesa taslimu zilihitaji kusukumwa hivyo, hatimiliki itahitaji kusukumwa zaidi.

Naona mambo yafuate utaratibu huu. Kwanza orodha ya familia zilizohamishwa ifufuliwe, pamoja na watoto ambao wakati ule walikuwa darasani na sasa wana watoto wao. Kila familia iulizwe kama yataka kiwanja, shamba, au hisa katika kitakachoanzishwa, kwa sababu si wote watakaotaka kurudi. Baada ya hao ndipo wafikiriwe wafanyakazi wa mahoteli, walimu na wengineo, nao wapewe nyumba kwa bei inayolingana na mshahara wa Ukunda, si wa Nairobi. Mnunuzi asiruhusiwe kuuza kwa mtu wa tatu kabla ya miaka kadhaa kupita, la sivyo nyumba hizo zitakuwa za wageni wa likizo kabla rangi haijakauka.

Na kabla ya mpima ardhi kupigilia kigingi hata kimoja, ramani ya mgodi wote, inayoonyesha bwawa la tope, ardhi ngumu na ardhi laini, ibandikwe kwenye ofisi za machifu wa Msambweni na Lunga Lunga, ikiwa na maelezo ya Kiswahili na Chidigo. Ripoti nene za mgodi huu ziliandikwa kwa Kiingereza. Katika Chidigo nyumbani ni kaya, neno lile lile linaloutambulisha msitu wa Kaya Kinondo hapa Diani, na Kiswahili kimeliazima ili kuwahesabia watu wakati wa sensa. Mzee wa Nguluku akiisoma ramani hiyo, au akisomewa na mjukuu wake, ataweza kusema kaya yake ilikuwa wapi.