Karatasi ya aksanti kwa mwenye depo

Juma hili tuzungumze juu ya karatasi ndogo ambayo wamama wengi wa biashara hapa Punia hawaiandiki. Mwenye depo kule Kindu anakutumia katoni za sabuni na chumvi kwa deni. Motari anazifikisha, matope mpaka magotini. Unauza, unalipa yote. Kisha kimya, mpaka siku utakapohitaji tena. Sauti yako anaisikia tu wakati wa kuomba.

Kuna wanaosema kwamba kulipa deni ndiyo aksanti yenyewe. Sisi hatukubali. Malipo ni haki yake. Aksanti ni kwa kile ambacho hakulazimika kukifanya: alikungojea majuma mawili barabara ilipokatika, ama alibadilisha katoni iliyolowa maji bila maneno mengi. Kitaje kitu hicho. Ukiandika tu "aksanti kwa yote", hajui unamshukuru kwa nini.

Mistari michache inatosha, kama hii:

"Baba, salamu. Katoni tatu zilifika Jumanne, zote nzima. Aksanti kwa kuningojea mpaka mwisho wa mwezi; bila hiyo ningeuza kwa hasara. Mungu akubariki."

Angalieni: hakuna ombi ndani. Ukiongeza "sasa nitumie zingine tano", aksanti yote inageuka kuwa chambo. Oda iende siku nyingine, kwa simu ama kwa karatasi yake. Hesabu ya deni nayo ibaki katika daftari.

Tunajua wengine wanaogopa kwa sababu ya Kifaransa. Nani alisema barua ya biashara ni lazima iwe ya Kifaransa? Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, na bei mlipatana kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika aseme, mtoto wa darasa la tano aandike, kisha amsomee kwa sauti kabla ya kuikunja. (Mtoto naye anapata zoezi zuri la imla.)

Sasa jina la chini. Hapa tunasisitiza, maana kuna wanaotia jina la bwana. Sheria ya familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kufunga mapatano ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Aliyekopa ni wewe, aliyelipa ni wewe. Bwana akifariki, uaminifu uliojengwa miaka yote unabaki kwa jina la marehemu, na mjane anaenda depo kama mgeni, na watoto wanangoja kula. Basi andika jina lako lote, na Punia, na tarehe.

Na motari? Huyo yuko mbele yako. Mwambie kwa mdomo, umpe na maji ya kunywa kabla hajageuza pikipiki.